Kunde za Nani

Sogeeni karibu. Waliosimama wakae, na waliokaa wawaachie wenzao nafasi. Hadithi hii nitaibeba mpaka mlangoni kwenu. Kuiingiza ndani ni kazi yenu wenyewe.

Palikuwa na watu watatu katika mtaa mmoja chini ya milima ya Upare, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Mwalimu Elieneza, aliyefundisha kwaya, alikuwa na masikio. Angesimama nje ya kanisa, waimbaji arobaini wakiimba ndani, akajua ni yupi amekula karanga kabla ya kuja. Bi Salhina alikuwa na joto. Mikono yake haikupoa hata Julai, wakati ukungu unaposhuka milimani, na watoto wenye maumivu ya tumbo walipelekwa kwake awashike tu. Mzee Senzighe alikuwa na ukaidi. Mnacheka, lakini ukaidi nao ni kipaji ukipata kazi. Wake ulikuwa haujapata kazi, kwa hiyo aliutumia kugombana na jirani.

Palikuwa na mtu wa nne, Niendiwe, fundi cherehani. Yeye hakuwa na kipaji ambacho mtaa ulikijua. Alikuwa na siri. Hadithi inamfuata yeye, kwa kuwa hukumu yote ilikuja kuangukia mdomoni mwake.

Mtaa wao haukuwa na mashamba. Ulikuwa na viwanja vidogo nyuma ya nyumba, na kila penye udongo palipandwa kitu: sukuma wiki kwenye matairi, nyanya chungu kwenye mabeseni yaliyotoboka, mchaichai kando ya mfereji, maboga yakitambaa juu ya paa la choo. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, walitandika mkeka mkubwa katika ua wa nyumba yenye zamu. Kila nyumba ilileta mbegu zake, ikaziweka fungu, ikaondoka na mbegu za wengine. Siku hiyo palipikwa wali na sufuria moja kubwa ya mboga zilizotoka katika kila ua. Watu walitambiana nyanya. Walisutana kwa bamia zilizoachwa zikakomaa mpaka zikafaa kuwashia moto. Walirudi nyumbani wameshiba, na vibahasha vya mbegu mifukoni.

Sasa sikilizeni desturi ya mkeka ule, maana ndiyo fundo la hadithi. Kila mbegu iliitwa kwa jina la aliyeileta mkekani mara ya kwanza. Haikuitwa kwa cheo chake wala kwa jina la mtoto wake, bali kwa jina lake mwenyewe, alilopewa alipozaliwa. Mwanamke angeweza kuitwa Mama Fulani miaka hamsini mpaka mumewe akalisahau jina lake, lakini mkekani aliitwa yeye. Mchicha wa Nanzia. Maboga ya Tabitha. Na kunde za Naetwe.

Naetwe alikuwa mama yake Niendiwe. Kunde zake zilikuwa za kutambaa, majani laini yasiyohitaji magadi, na punje nyeupe yenye doa jekundu, kama jicho la mtu aliyetoka kulia. Nyumba nyingine zilizipanda, zikala majani, zikala na punje zote, bila kubakiza za msimu ujao. Za nini kubakiza? Kila mtu alijua kwamba kibuyu cha Naetwe hakikosi.

Desturi ilikuwa na upande wa pili. Mbegu ikiwepo, jina lilitajwa kila siku, sokoni, jikoni, juu ya ua, na aliyekufa aliendelea kutajwa pamoja na walio hai bila mtu kuona ajabu. Mbegu ikipotea, jina halikutajwa tena. Waliamini kwamba kulitaja jina bila mbegu yake ni kumwita mwenyewe, naye anaweza kuitika. Na kama mtu angeirudisha mbegu iliyopotea, ilirudi kama mgeni: ilipewa jina la aliyeirudisha. Wa kulitamka jina hilo jipya alikuwa mtu wa nyumba iliyoipoteza.

Haya, siri ya Niendiwe.

Naetwe alianza kukohoa. Alikuwa bado anapikia kuni, katika jiko la nje lenye mafiga matatu, na juu ya mafiga kulikuwa na uchaga mweusi kwa masizi. Hapo ndipo kilipotundikwa kibuyu cha mbegu, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Moshi ulikizunguka mchana kutwa na hakuna mdudu aliyekisogelea. Kila alasiri, kabla ya kuinjika chai, Naetwe alikiteremsha, akakitikisa mara tatu karibu na sikio, akasikiliza kama mbegu bado ni kavu, akakirudisha.

Daktari akasema moshi utammaliza. Niendiwe akafanya ambalo mtoto yeyote mwema angefanya. Alinunua jiko la gesi, akayang'oa mafiga, akaushusha uchaga, akapaka kuta chokaa mpaka zikawaka. Kibuyu alikiweka sebuleni juu ya kabati, kwenye kitambaa cha kufuma, kikapendeza kama pambo. Alikuwa amekiona kibuyu kile kikifukizwa tangu utotoni, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Naetwe hakuinuka tena kitandani. Siku moja aliuliza, "Kibuyu kiko wapi?"

"Kipo palepale, mama," Niendiwe alijibu.

Mama akashusha pumzi, akafumba macho. Wiki hiyohiyo alifariki, na wote waliokuwapo walisema amekwenda kwa amani.

Walipokwisha kuanua tanga, siku ya mkeka ilikuwa imekaribia. Niendiwe akakiteremsha kibuyu, akazibua gunzi, akainamisha. Ulitoka unga. Ndani ya unga fukusi walikuwa wakitembea bila haraka, kama watu waliofika kwao. Hapakuwa na punje moja nzima. Aliumwaga unga katika shimo la taka, akafukia, akanawa mikono mara mbili. Mkekani alipoulizwa kunde za mama yake ziko wapi, alisema neno moja tu: "Sikuzikuta."

Hakuna aliyemlaumu. Watu walitazamana, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba basi amekwenda nazo. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hivyo ndivyo mwanamke aliyekuwa akigawa mbegu kwa viganja viwili alivyogeuka kuwa marehemu mchoyo, aliyeingia nazo kaburini. Neno moja la binti yake lilitosha. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa. Alipolazimika kusemwa, alisemwa kama yule wa nyumba ya kona.

Siku ya pili yake, alasiri, Niendiwe alikuwa sebuleni akishona kifungo alipoisikia. Cha. Cha. Cha. Kibuyu kikitikiswa jikoni.

Alikwenda kutazama. Kuta nyeupe, jiko la gesi, sufuria zimefunikwa. Kibuyu chenyewe kilikuwa nyuma yake, juu ya kabati, kitupu.

Ilisikika tena kesho yake, na keshokutwa, saa ileile ya kuinjika chai. Mara tatu, kisha kimya. Sauti aliweza kuizoea. Kilichomtesa ni kile kimya kilichofuata, kimya cha mtu aliyeuliza swali akageuza sikio apate jibu. Alipaka chokaa upya. Alihamishia cherehani sokoni asiwepo nyumbani saa zile, lakini Jumapili hapakuwa na kazi sokoni, na Jumapili ilimkuta. Mara nyingine alisimama katikati ya jiko, akafungua kinywa kuomba radhi, akakumbuka kwamba jina halitajwi, akakifunga. Miaka miwili ilipita hivyo. Mikeka minne ilitandikwa na kukunjwa, na kwenye kila mkeka palikuwa na nafasi ya fungu moja ambayo hakuna aliyeijaza, ingawa hakuna aliyeamuru iachwe.

Sasa waje wale watatu.

Mwalimu Elieneza alitangulia kwa masikio yake. Niendiwe alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya, na mwalimu aligundua kwamba anapotea kila kayamba zinapopigwa. Akachunguza zaidi: si kayamba zote, ni moja. Siku moja baada ya mazoezi alimzuia mlangoni.

"Mwanangu, kayamba hii ikilia unashuka nusu sauti. Imekukosea nini?"

"Aliitengeneza mama," alisema Niendiwe.

Mwalimu akaichukua, akaiweka sikioni, akaigeuza taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Akaigeuza tena. Akamwambia kwamba kayamba nyingine zote za kwaya zina ulezi na changarawe, lakini hii ina kitu chenye tumbo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hizi ni kunde."

Kayamba hiyo ilikuwa ikitunzwa na mwanakwaya mmoja ambaye bado alipikia kuni, naye alikuwa akiitundika juu ya moto ili matete yasipate unyevu. Mnaelewa. Moshi ulikuwa umeondoka nyumba moja, ukaendelea na kazi yake nyumba nyingine.

Ilikuwa kayamba bora kuliko zote, na mashindano ya kwaya yalikuwa wiki tatu mbele. Mwalimu alikuwa amelitafuta kombe miaka kumi na moja, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Alizikata kamba za kayamba kwa mkono wake mwenyewe. Punje nyingi zilikuwa zimepasuka, maana zilikuwa zimecheza pambio miaka minne mfululizo. Nzima zilikuwa tisa. Kwaya yake ilikwenda mashindanoni, ikawa ya mwisho.

Bi Salhina alifuata kwa joto lake. Punje zilikuwa zimezeeka, ngumu kama kokoto, na aliyezitia katika udongo baridi angeziozesha. Alizifunga katika kitambaa chenye unyevu, akazifunga tumboni chini ya kanga, akakaa nazo siku saba. Hakuinama, hakubeba kitu, hakulala ubavu. Akinamama walimtania kwamba ujauzito wa uzeeni una masharti mengi, naye akawajibu kwamba wao wazae kwanza kunde ndipo waje kumfundisha.

Lakini wiki ile kulikuwa na harusi Korogwe, ya binti wa mdogo wake, binti ambaye Salhina alimlea mwenyewe toka akiwa wa kubebwa. Safari ya basi, ngoma, kukumbatiwa na watu mia: punje zisingevumilia. Hakwenda, wala hakueleza sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ingesikika kama matusi. Mdogo wake hajasema naye mpaka leo. Siku ya sita punje nane zilikuwa zimeoza. Siku ya saba punje ya tisa ilipasuka, ikatoa mkia mweupe. Salhina akampelekea Niendiwe kiganjani, akamwambia, "Mmoja amekubali."

Mzee Senzighe alimalizia kwa ukaidi wake. Mche ulipandwa katika ua wa Niendiwe, karibu na ua wa michongoma uliotenganisha nyumba hiyo na yake. Kwa sababu ya michongoma hiyo yeye na Naetwe walikuwa wamegombana miaka ishirini: imesogea, haijasogea, nani kaipogoa bila ruhusa. Vuli ya mwaka ule ilinyesha siku tatu ikaondoka. Maji ya kumwagilia mche mmoja Niendiwe aliyapata. Kilicholetwa na ukavu kilikuwa vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaofyonza majani mpaka yajikunje. Niendiwe alikuwa sokoni kutwa. Siku moja aliporudi, alikuta pengo katika michongoma, la upana wa mtu mmoja, na Mzee Senzighe ameketi kwenye kigoda mbele ya mche, akiwatoa vidukari kwa kidole, mmoja mmoja, akiwahesabu kwa matusi.

Alikuja asubuhi na jioni siku sitini. Alipoona hawaishi, aliwafuata walikotoka, akakuta wanatoka katika bustani yake mwenyewe, kwenye matuta yake manne ya maharage na bamia, bustani iliyokuwa fahari ya mtaa. Aling'oa yote. Akayachoma moto, akarudi kwenye kigoda.

Niendiwe alimwamkia, akamuuliza kwa nini anajitesa kwa ajili ya mbegu ya mtu ambaye walikuwa hawaelewani.

"Nimegombana na mama yako miaka ishirini," alisema mzee, bila kuinua macho. "Alilijua kila neno litakaloniuma, nami nililijua lake. Unadhani mtu wa namna hiyo anapatikana tena?"

Mche ukatambaa. Ukatoa maua ya zambarau, ukatoa maganda, na hakuna aliyethubutu kuchuma hata jani. Mwishoni mwa Januari maganda yalikauka. Punje zilijaa kikombe, kila moja na jicho lake jekundu.

Mkeka wa kabla ya masika ulitandikwa kwa Tabitha, yule mwenye maboga, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mzuri. Milima ilikuwa imevaa mawingu tangu asubuhi. Kikombe kiliwekwa katikati ya mkeka, na Niendiwe akaambiwa ataje jina.

Mabishano yalianza kwa mzaha. Mwalimu alisema kwamba yeye alizisikia zikiwa hai wakati wenzake wote walikuwa wakizichezea, na bila sikio zingekuwa bado zinapiga pambio. Salhina akamjibu kwamba sikio lilipata punje, yeye alipata mche. Mzee Senzighe akawauliza wote wawili kama wanafahamu ni karamu ya namna gani vidukari walikuwa wameiandaa juu ya mche huo. Watu wakacheka. Mtu akapendekeza majina yote matatu yaungwe pamoja, Tabitha akalikataa: "Mpaka umalize kulitaja, mboga imeungua." Mwingine akataka kikombe kigawanywe mara tatu, kila fungu na jina lake. Hilo nalo halikwenda, maana mbegu ni moja, na baada ya miaka mitano pangekuwa na nyumba tatu zinazogombea jani lilelile.

Kisha mzaha ukakauka, na kila mmoja akasema lililo moyoni.

Mwalimu alisema nyumba anayokaa ni ya kanisa, Juni ataiacha arudi kwao, na kwaya itapata mwalimu mwingine. Alifundisha nyimbo mia tatu katika mtaa ule, na wimbo ukiisha kuimbwa hauachi hata ganda la kuokota.

Mzee Senzighe alisema kwamba mtoto wa mtaa ule akikataa kula, huambiwa asiwe Senzighe. Hakulalamika, alisema, walikuwa na haki. Ila angependa jina lake litajwe angalau mara moja pamoja na chakula kinacholiwa.

Salhina alikuwa wa mwisho. "Mnaniita Mama Twalibu," alisema. "Twalibu alikufa ana miaka mitatu. Leo angekuwa na thelathini na mmoja. Kila mnaponiita, nageuka kumtazama kama yupo nyuma yangu. Sikuwahi kuwakataza. Nilitaka tu pawe na kitu kimoja mtaani kinachoniita mimi."

Mikono ya watu iliyokuwa imenyooshwa kusubiri mgao ikashuka mapajani.

Niendiwe alikuwa ametoka nyumbani na jina moja tayari kinywani. Sitawaambia ni lipi kati ya yale matatu. Halina faida tena. Alipiga magoti mbele ya kikombe, akatia vidole ndani, na vidole vyake vikatambua ulaini wa punje zile kabla yeye mwenyewe hajatambua. Aliposema, hakutaja jina.

"Zilikuwepo," alisema. "Nilizikuta."

Akawaeleza yote. Jiko la gesi, mafiga, kabati, kitambaa cha kufuma. Alivyomjibu mama yake kwamba kibuyu kipo palepale. Unga, fukusi, shimo la taka. Aliwaeleza na sauti ya jikoni, ambayo alikuwa hajamwambia mtu, na alipofika kwenye kile kimya baada ya mara ya tatu alishindwa kukieleza, akanyamaza, nacho wote wakakisikia.

Tabitha ndiye aliyeuliza, taratibu, kama mtu anayepapasa njia kwa mguu. "Kwa hiyo hakwenda nazo."

"Hakwenda na kitu," alisema Niendiwe.

Nyuso ziliinama. Miaka miwili mtaa mzima ulikuwa umemnyima jina mtu asiye na kosa, na kila mmoja pale alikumbuka alivyosema, au alivyoitikia kwa kichwa. Mzee Senzighe alivua kofia, akaikunja. "Nami niliamini," alisema. "Nimemwita mchoyo moyoni miaka miwili, na hayupo kunijibu."

Hapo mkeka ukagawanyika. Baadhi walisema jina lirudi kwa mwenyewe. Mkono uliojaza kayamba kunde ulikuwa wake. Hao watatu walikibeba tu kile ambacho yeye alikificha bila kujua. Na amedhulumiwa, na aliyedhulumiwa harudishiwi kwa kunyamaziwa. Wengine walisema desturi haiulizi mbegu ilipoteaje. Ilipotea, watu watatu wakairudisha, kila mmoja kwa kukatwa sehemu ya maisha yake isiyoota tena. Je, uongo wa mtu mwingine ndio uwanyang'anye? Wapo walioogopa tu. Walisema mama wa watu anahangaika kwenye lile jiko jeupe, na akitajwa kila siku atafungwa hapo milele. Wenzao wakawajibu kwamba pengine anahangaika kwa sababu hatajwi. Wote walisema kwa uhakika, na hakuna aliyejua.

Niendiwe aliwageukia wale watatu. Alikuwa akitafuta nyuso za kumwambia cha kufanya. Mwalimu aliinamisha kichwa, kama anavyofanya akisubiri sauti ianze. Mzee Senzighe alitazama pembeni, kana kwamba pale kwa Tabitha nako kuna michongoma. Salhina peke yake alimsogelea, akampokea mikono yote miwili katika ile yake yenye joto, akasema naye kwa sauti ambayo wengine nao waliisikia.

"Ukilitaja la mama yako sitakukasirikia, mwanangu. Lakini litaje kwa ajili yake. Usilitaje ili wewe ulale usingizi."

Akamwachia mikono.

Tone la kwanza la masika likaanguka juu ya mkeka, likaacha doa. Likaanguka la pili, kwenye fungu la mchicha. Mbegu zikilowa kabla ya kugawanywa huharibika, na mbegu isiyo na jina haigawanywi. Watu wakainuka, wakajipanga duara, kila mmoja amekunja viganja kama anayepokea maji. Niendiwe akakiinua kikombe, akakifunika kwa kiganja. Alijua kwamba jina atakalolitaja litasemwa kila siku katika mtaa ule, juu ya kila sufuria, baada ya yeye na hao wote kuondoka, na kwamba yale atakayoyaacha hatapata mkeka mwingine wa kuyatajia. Akafungua kinywa.

Nami namwacha hapo, mvua inakuja.

Kuna aliyezisikia. Kuna aliyezipasha joto. Kuna aliyezilinda. Kuna aliyezitia katika matete kwa mkono wake, akafa amedanganywa, akasingiziwa. Na jina ni moja. Msiniulize alitaja lipi. Mimi nawauliza ninyi. Kama kikombe kingekuwa mkononi mwako, na majirani zako wamekinga viganja, wewe ungesema ni kunde za nani?